Dodoso la wapiga kura limerudi na namba zisizoaminika: pa kuangalia kwenye kaya za askari

Uchaguzi ukishapita, vijana wenye vishikwambi huzunguka mitaa ya Tabora na Kigoma na maswali yale yale: ulijiandikisha? Siku yenyewe ulifika kituoni? Kama hukufika, nini kilikukwamisha? Wiki chache baadaye msimamizi anafungua majibu ofisini na kuona kuna kitu hakijakaa sawa. Walioitikia ni wachache, au waliopiga kura wamezidi kiasi, au wazee wamejaa na vijana hawaonekani. Lawama humwangukia mdodosaji, na mara nyingi si yeye.

Nitazungumzia kundi moja ambalo tatizo hili huonekana kwake waziwazi: wapiga kura ambao ni wanajeshi, pamoja na kaya zao. Marekani wamelihangaikia kwa miaka mingi. Ndani ya Wizara yao ya Ulinzi kuna ofisi iitwayo Federal Voting Assistance Program, inayowasaidia askari na raia walio nje ya nchi kupiga kura chini ya sheria ya 1986, na baada ya uchaguzi huwatumia askari dodoso. Nitaazima mengi kwao. Ila msomaji wangu anafanya kazi Cheyo mjini Tabora au Mwanga mjini Kigoma, kwa hiyo nitasema pia pale ambapo mbinu yao haitufai.

Kwanza mipaka. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini inamwachia haki ya kupiga kura. Kwa ibara hiyo mwanajeshi si wa JWTZ peke yake. Polisi, magereza na JKT wamo. Usiende kubisha hodi kwenye geti la kambi ya Milambo wala la JKT Bulombora ukiwa na kishikwambi mkononi. Kambi zina utaratibu wa kibali, na utaratibu huo hauanzii getini. Ninachoeleza hapa ni utafiti wa kaya mitaani, ambako baadhi ya askari wamepanga au wamejenga, wenzi wao wanafanya biashara, na wastaafu wanaishi na wajukuu. Barua ya utambulisho kutoka wilayani uwe nayo, na mwenyekiti wa mtaa awe amekuona uso.

Hesabu moja ya kuwa nayo kichwani

Kosa linaloletwa na wasiojibu lina sehemu mbili tu: ni asilimia ngapi hawakujibu, na wanatofautiana kiasi gani na waliojibu kwenye jambo lile unalolipima. Unazidisha moja kwa nyingine, basi.

Chukua mfano wa kubuni. Umechagua askari 1,000, wamejibu 200, na asilimia 70 ya hao wanasema walipiga kura. Kama wale 800 walionyamaza walipiga kura kwa asilimia 68, kosa lako ni pointi 1.6, na hakuna wa kukulaumu. Kama walipiga kwa asilimia 45, ukweli ni asilimia 50 huku wewe unatangaza 70. Sasa geuza. Wajibu 600, kiwango ambacho ofisi yoyote ingekifurahia, na asilimia 70 yao waseme walipiga. Lakini wale 400 waliobaki wawe watu waliopiga kwa asilimia 30 tu. Ukweli ni asilimia 54. Waliojibu wameongezeka mara tatu na bado umekosea kwa pointi 16.

Hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha uanzie wapi kila unapokutana na dalili zinazofuata.

Kiwango cha kujibu kimeshuka

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu kuliko zote, na kwa hesabu ya hapo juu umeona kwamba peke yake haisemi mengi. Wingi wa majibu nao haukulindi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 za kuuliza watu watamchagua nani, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kwa miaka mingi watu walilaumu orodha ya majina, kwamba ilikusanywa kutoka kwa wenye simu na magari. Mtafiti Peverill Squire alipozipitia data za wakati ule, mwaka 1988 akaonyesha kwamba orodha ilikuwa na kasoro kweli, lakini hata miongoni mwa waliopokea kadi, waliozirudisha walikuwa na msimamo tofauti na waliozitupa.

Kwa hiyo usiulize wangapi hawakujibu kabla hujauliza hili: kilichomfanya huyu asijibu kinahusiana na kupiga kwake kura?

Mdodosaji akiugua malaria na nusu ya mtaa ikarukwa, uhusiano huo pengine haupo. Umepoteza sampuli, na namba zako zitayumba zaidi, lakini hazitaegemea upande mmoja. Kwa askari mambo ni mengine kabisa. Ukimkosa kwa sababu amepelekwa kazini mbali, safari ile ile iliyomficha kwako ndiyo iliyomweka mbali na kituo alichojiandikishia. Tanzania Bara hatuna kura ya posta. Mpiga kura anakwenda kituoni kwa miguu yake. Zanzibar walipiga kura ya mapema tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine, kwa ajili ya watu ambao kazi ingewabana siku ya uchaguzi, wakiwemo wa vyombo vya ulinzi. Huku kwetu Tabora aliyesafiri amesafiri.

Marekani uhusiano ni ule ule, ila unapita posta. Sheria yao ya 2009 inataka karatasi za kura zitumwe kwa askari na walio nje angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, kwa sababu nyingi zilikuwa zikichelewa njiani. Askari aliyehamishwa kituo cha kazi bila kubadilisha anwani hapati karatasi ya kura. Na barua ya dodoso, je? Nayo inakwenda kwenye anwani ile ile ya zamani. Ukisoma majibu ya waliofikiwa na barua, unasoma maisha ya watu ambao posta inawafikia, kisha unawauliza kama posta iliwafikia.

Waliosema walipiga kura ni wengi mno

Hapa usikimbilie kulaumu wasiojibu. Vyanzo viko vitatu na vinafanana kwa nje.

Chanzo cha kwanza ni kulinganisha vitu visivyolingana. Asilimia ya waliojitokeza inayotangazwa na Tume hupigwa kwa idadi ya waliojiandikisha, si kwa watu wazima wote. Kama dodoso lako limeuliza kila mwenye miaka 18 na zaidi, pima upya kwa waliojiandikisha peke yao kabla hujashtuka. Askari nao hawafanani na raia kwa umri wala jinsia. Wengi ni wanaume, na vijana ni wengi. Wamarekani wanapolinganisha askari na raia, huwarekebisha raia kwanza kwa umri na jinsia, la sivyo wangekuwa wanalinganisha kijana wa miaka 22 na bibi wa miaka 70, kisha tofauti wanaiita ya jeshi.

Cha pili ni watu kusema walipiga ilhali hawakupiga. Hili limeonekana nchi nyingi lilikopimwa. Marekani wanaweza kulikamata kwa sababu kumbukumbu ya nani alipiga kura ni ya wazi, ingawa alimpigia nani ni siri. Wanachukua jina la mhojiwa na kulitafuta kwenye orodha. Sisi hatuna njia hiyo. Kadi ya mpiga kura inaonyesha umejiandikisha, haionyeshi ulifika, na wino wa kidoleni hufutika baada ya muda. Kinachobaki ni namna ya kuuliza. Mpe mtu mlango wa kutokea bila aibu: “Wapo ambao siku ile kazi, safari au ugonjwa uliwazuia. Kwako ilikuwaje?” Ukiuliza “Je, ulitimiza haki yako ya msingi ya kupiga kura?” umeshamwambia jibu.

Cha tatu ndicho tunachokitafuta: wasiopiga kura hawapendi kuhojiwa kuhusu kura. Kipimo chake ni rahisi kama ulitunza kumbukumbu ya ziara. Panga majibu kwa zamu yalivyopatikana: waliokutwa ziara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama asilimia ya waliopiga kura inashuka kila ziara inapoongezeka, basi wale ambao hukuwapata kabisa huenda wako chini zaidi. Kama haibadiliki, tatizo lako labda ni moja kati ya yale mawili ya mwanzo. Huu si ushahidi kamili, maana anayepatikana kwa shida si lazima afanane na asiyepatikana, lakini ni taa ya kwanza uliyonayo na haikugharimu chochote.

Wenye vyeo na wastaafu wamejaa, vijana hawaonekani

Wamarekani wanaijua dalili hii vizuri. Askari wa vyeo vya chini, vijana wa miaka ishirini na kitu, ndio wanaojibu kidogo kuliko wote. Maafisa wanajibu zaidi. Sababu hazihitaji elimu kubwa. Afisa ana meza, kompyuta na anwani ya kudumu kidogo. Kijana analala bweni, anahamishwa, yuko mazoezini, na barua pepe ya kazini anaifungua mara moja moja. Tafiti zilizowahi kufanywa miongoni mwa wasomaji wa magazeti ya kijeshi zilikuwa na kasoro hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu anayelipia gazeti la jeshi ni yule aliyeamua jeshi ndiyo maisha yake.

Dawa wanayotumia ni kuwapa uzito: kila kijana aliyejibu anahesabiwa kwa niaba ya vijana wengi. Wanaweza, kwa sababu wizara ina rekodi ya kila askari: cheo, umri, jinsia, tawi la jeshi. Wanajua vijana walipaswa kuwa wangapi.

Hapa nataka tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotea zikiwa zimevaa vizuri. Uzito ni kipaza sauti: unakuza sauti iliyomo chumbani, hauleti aliye nje. Kama vijana 30 waliojibu ni wale waliobaki kambini, waliopata karatasi zao za kura kwa wakati, na wanaojali uchaguzi kiasi cha kujaza dodoso, basi kuwazidisha mara ishirini kunakupa vijana 600 waliobaki kambini. Jedwali la vyeo litapendeza. Namba ya waliopiga kura itabaki mbovu kama ilivyokuwa, na sasa hakuna atakayeishuku.

Uzito pia unakula sampuli. Rudi kwenye mfano wetu wa kubuni wa majibu 200, vijana 30 wakiwakilisha 600 na wakubwa 170 wakiwakilisha 400. Kila kijana anabeba uzito wa 20, kila mkubwa kama 2.35. Jumlisha uzito wote, utapata 1,000, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa jumla ya uzito wa kila mtu uliozidishwa kwa wenyewe. Inatoka kama 77. Majibu yako 200 yana nguvu ya majibu 77, na mipaka ya makosa unayochapisha inapaswa kutoka kwenye 77, si kwenye 200.

Sisi hata hapo hatufiki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679 Tabora na 2,470,967 Kigoma, na unaweza kupata umri na jinsia kwa mkoa. Lakini huwezi kwenda mahali ukaambiwa askari wa cheo fulani wanaoishi mtaa fulani ni wangapi, na kwa sababu za kiusalama ni sawa kabisa usiambiwe. Ina maana kwetu upendeleo huu hautibiki ofisini. Ukimkosa kijana uwanjani, hakuna jedwali litakalokurudishia. Nasisitiza hili kwa sababu naona vijana wakifundishwa programu za kupiga uzito kabla hawajafundishwa kuandika kwa nini nyumba namba fulani haikujibu.

“Baba hayupo, niulize mimi”

Hii haionekani kama dalili, kwa sababu dodoso limejaa. Itazame kwa karibu.

“Hodi hodi!”
“Karibu.”
“Shikamoo mama.”
“Marahaba mwanangu, karibu kiti.”
“Ahsante mama. Baba tumemkuta?”
“Hayupo, yuko kazini.”
“Tukipita jioni?”
“Kazi yao si ya kurudi jioni. Wewe niulize mimi, yote nayajua.”

Mdodosaji ana kaya nyingine nane kabla jua halijazama. Anakaa, anafungua ukurasa: mwanaume, miaka 34, amejiandikisha, alipiga kura, ndiyo. Mama hakudanganya. Mumewe alikuwa mbali siku ile, naye anaamini kwamba huko aliko waliwekewa utaratibu. Jibu moja limeingia ambalo ni dhana ya mke kuhusu kura ya mume, na kwenye jedwali linakaa sawa na jibu la mtu aliyesimama foleni mwenyewe.

Kagua hivi: kwenye dodoso kuwe na kisanduku cha nani amejibu, chenye nafasi mbili, mwenyewe au kwa niaba. Kisha linganisha. Kama wanaosemewa wamepiga kura zaidi ya wanaojisemea, usichanganye namba hizo kamwe. Wanaosemewa wahesabu kama hawajajibu. Kama dodoso lako halikuwa na kisanduku hicho, angalia muda wa mahojiano na jinsia ya mhojiwa ikilinganishwa na aliyetajwa kuwa mkuu wa kaya. Kishikwambi hutunza muda. Mama mwenyewe, hata hivyo, ni mpiga kura. Mhoji kwa nafsi yake, maana wenzi wa askari nao huhamahama, na aliyehamia Tabora kutoka mkoa mwingine bila kuhamisha taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu ana kituo ambacho yeye hayupo. Uboreshaji wa Daftari ulipozinduliwa Kigoma Julai 2024, kuhamisha taarifa ilikuwa moja ya huduma zake. Waulize kama walipata nafasi.

Na kwa vyovyote vile, mume alikopelekwa usiandike. “Hayupo kwa sababu ya kazi” inatosha. Kikosi, mahali na tarehe ya kurudi si mambo ya dodoso la kura, na mdodosaji anayeyaandika anamweka mama yule mahali pabaya.

Nyumba imefunguliwa, lakini wamekataa

Kukataa na kutokuwepo ni vitu viwili, na ukiviandika kwa neno moja umejifungia njia. Aliyekosekana kwa safari huenda hakupiga kura. Aliyekataa huenda alipiga, ila anaogopa kuonekana anazungumza siasa.

Woga huo una msingi. Askari anajua hatakiwi kuwa na chama. Anapoona dodoso lenye neno “uchaguzi” juu, hana muda wa kutenganisha swali la kufika kituoni na swali la kumpenda mgombea fulani. Kwake njia salama ni kunyamaza. Kwa hiyo angalia maswali yako kabla ya kuangalia wahojiwa. Je, mahali popote umeuliza chama au mgombea? Ondoa. Swali moja la chama kwenye ukurasa wa tano linaua ukurasa wa kwanza, kwa sababu habari husambaa mtaani haraka kuliko wadodosaji wanavyotembea, na ukifika nyumba ya kumi tayari wanajua unachouliza.

Wamarekani wameliweka hili kwenye sheria yao ya jinai, kifungu cha 596 cha fungu la 18: ni kosa kuendesha kura ya maoni miongoni mwa askari kuhusu mgombea waliyemchagua, na adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Ofisi yao niliyoitaja hapo juu huuliza kujiandikisha, kuomba karatasi, kupiga kura na vikwazo vilivyokuwepo.

Kingine cha kukagua ni mdodosaji mwenyewe. Linganisha kiwango cha kukataliwa kwa kila mdodosaji. Kama mmoja anakataliwa mara mbili ya wenzake kwenye mitaa inayofanana, mtazame anavyojitambulisha. Kijana anayesimama mlangoni na kutaja taasisi, mradi na uchaguzi kabla ya salamu, mbele ya mzee aliyestaafu jeshi, ameshafungiwa mlango. Salamu kwanza, akaribishwe, aeleze ametumwa na nani na kwamba mwenyekiti wa mtaa ana habari, ndipo maswali. Wastaafu hasa wanapenda kuona barua. Mpe aisome yote, usimharakishe.

Wamejibu wote, ila maswali mawili ni matupu

Wapo wanaofikiri dawa ni kuomba askari wakusanywe ukumbini kwa amri na wapewe madodoso. Kiwango cha kujibu kitakaribia mia kwa mia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili timu ya mwanasosiolojia Samuel Stouffer ilifanya hivyo kwa jeshi la Marekani, na jumla ya askari waliohojiwa ilipita nusu milioni. Lakini tazama masharti yao: hakuna jina, na maafisa hawakai chumbani. Ukikusanya watu bila masharti hayo, kunyamaza hakuondoki, kunahamia ndani ya dodoso. Swali la “Je, mkuu wako alikupa nafasi ya kwenda kupiga kura?” litaachwa tupu, au wote watasema ndiyo.

Hesabu nafasi tupu kwa kila swali. Zikirundikana kwenye maswali yanayomgusa mkubwa wa mhojiwa, tatizo ni nani alikuwa anasikia. Hata nyumbani ni hivyo: mwenyekiti wa mtaa aliyekusindikiza, baada ya kukutambulisha, mwombe kwa heshima akusubiri nje.

Namba zinabadilika kila wiki

Hii niliiweka kwa ajili ya wenzetu wa Kigoma, na haihusu askari peke yao. Ukifanya kazi Kibirizi au vijiji vya ziwani, kupatikana kwa wanaume kunafuata mwezi. Giza likiwepo, wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa usiku kucha na mchana wamelala. Mbalamwezi ikiwa kali, wako nyumbani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, utaratibu wote ulibadilika tena. Mtaa uliododoswa wiki ya giza usiulinganishe na uliododoswa wiki ya mbalamwezi ukadhani umeona tofauti ya siasa. Wahoji wote kwa mzunguko kamili wa mwezi, au andika tarehe na uzitumie. Tabora, msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku na wiki ambazo warina asali wako msituni hufanya kazi hiyo hiyo.

Kurudi kwa wachache

Sasa dawa yenyewe, ambayo naiamini kuliko nyingine yoyote kwa mazingira yetu. Wanatakwimu Morris Hansen na William Hurwitz waliieleza mwaka 1946. Badala ya kuwakimbilia wote walionyamaza kwa nguvu kidogo, wachague wachache wao kwa bahati nasibu, na hao wachache uwatafute kwa nguvu zako zote.

Tuseme kaya 400. Zimejibu 240, na 180 kati yake, asilimia 75, zina mhojiwa aliyepiga kura. Zimenyamaza 160. Chukua orodha ya zile 160 na uchague kila ya nne: kaya 40. Uchaguzi huo ufanyike ofisini. Ukimwachia mdodosaji achague, atachukua zile anazojua zitafunguka, na utakuwa umerudi ulikotoka. Watume wadodosaji wako bora. Badilisha saa, badilisha jinsia ya mdodosaji, piga simu kupanga muda, nenda Jumapili baada ya ibada, subiri aliyesafiri arudi hata kama ni baada ya wiki tatu. Lipa siku hizo. Ndizo zenye thamani kuliko zote kwenye bajeti.

Tuseme umepata 32 kati ya 40, na nusu yao walipiga kura. Wengi hukosea hapa kwa kuwajumlisha tu: 180 na 16 juu ya 272, inatoka asilimia 72, na kila mtu anafurahi kwamba namba haijasogea. Wale 32 hawajiwakilishi wenyewe, wanawakilisha kaya 160. Kwa hiyo ni 180 na 80 juu ya 400, yaani asilimia 65. Pointi kumi zimeondoka kwenye namba ambayo ungeitangaza. Wale 8 waliobaki waandike kwenye ripoti, na sababu zao.

Kama uwanjani hakurudiki tena

Bajeti imeisha, vishikwambi vimerudishwa, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Usipige uzito kwa takwimu za kukisia. Toa mipaka. Kwenye mfano wetu wa kaya 400, kabla ya kurudi uwanjani, kama walionyamaza wote hawakupiga kura, ukweli ni asilimia 45. Kama wote walipiga, ni asilimia 85. Chapisha hizo mbili karibu na ile 75. Halafu punguza upana kwa sababu ulizo nazo: kama 90 kati ya 160 wameandikwa “hayupo kwa sababu ya kazi”, eleza kwa nini unaona ukweli uko upande wa chini, na onyesha asilimia kwa ziara ya kwanza, ya pili na ya tatu ili msomaji aone mwelekeo mwenyewe.

Kwenye ukurasa wa mbinu weka jedwali dogo la waliochaguliwa, waliohojiwa wenyewe, waliosemewa, waliokataa, wasiokuwepo na waliohama, kila kundi kwa mtaa wake. Sentensi “kiwango cha kujibu kilikuwa asilimia 60” peke yake ifute.